Jiko Lililotolewa Kupisha Mashine

Jumanne, 8 Julai 1975
Nimemfunga Hezron tai. Nikaifungua nikaifunga tena, ingawa ilikuwa imekaa vizuri. Tumeoana juzi tu na bado natafuta sababu ya kumgusa shingo. Tumeshuka pamoja hadi bohari ya vipuri tunakofanya kazi, ukungu umeifunika Mbeya yote. Nilitamani njia iwe ndefu.
Ofisini baridi na chuki. Mashine yake ya kutoboa kadi imekaa kwenye chumba kidogo cha pembeni, imefunikwa shuka. Makao makuu Iringa walimleta awafundishe makarani kuitumia: kila kipuri kinachotoka kitobolewe kwenye kadi, kadi ziende Iringa zikasomwe na mashine kubwa. Makarani wanaendelea kuandika kwa mkono. Nawachukia wote.

Alhamisi, 10 Julai
Sasa naitwa Bibi Mashine. Aliyeanza ni Mama Sekela, karani mkuu. Aliniuliza mbele ya wote kama hata nyumbani natoboa kadi kwanza ndipo nipakue ugali. Walicheka mpaka wakashika meza. Hezron alikuwa mlangoni. Alijifanya anatafuta kalamu. Mpenzi wangu. Moyo uliniuma.

Jumatatu, 14 Julai
Simu kutoka Iringa. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akikuta mashine imelala, Hezron anarudishwa Iringa. Mimi kazi yangu iko hapa. Nimelia chooni.
Hezron anaamini wanaogopa kunyang'anywa kazi. Amewahutubia tena, ameahidi hakuna atakayeachishwa. Walimsikiliza mikono imefichwa kwapani. Nilidhani ni jeuri. Kumbe baridi.

Jumanne, 15 Julai
Nimemfuata Mama Sekela uani. Nilikwenda kugombana. Makarani walisimama kuzunguka jiko la mkaa, vikombe mkononi, manyunyu yanawalowanisha. Nikamuuliza mume wangu amewakosea nini.
"Kwenye chumba kile tulikuwa tunaota moto na kunywa chai kila asubuhi," akasema. "Mumeo alikuta jiko linawaka, akalitoa nje, akaweka kitu chake. Hata kutuamkia hakutuamkia. Mbuzi mwenyewe, mwanangu, anaonyeshwa banda jipya kabla ya kuvunjiwa la zamani."
Hakunikaribisha chai. Nimerudi ndani, nguo zimelowa.

Jumatano, 16 Julai
Jana jioni nilimwambia Hezron aliyosema Mama Sekela. Ugomvi wetu wa kwanza. Alisema majivu yanaharibu mashine na mimi natetea wavivu. Nikamwambia, "Siyo mashine wanayoikataa. Ni wewe." Hakumaliza ugali wake.
Leo nimetembea nyuma yake hadi kazini. Tai kajifunga mwenyewe, imekaa upande. Niliiona na sikuigusa. Namchukia. Nampenda. Vyote kwa pamoja, na vinachosha.

Alhamisi, 17 Julai
Hezron aliondoka nyumbani mapema, bila kuniaga. Mimi na makarani tulipofika tukakuta mashine iko ofisini kwake, ameihamisha yeye na mlinzi. Jiko limerudi chumbani. Mume wangu amechuchumaa analipuliza, tai ameitupa begani, majivu hadi kwenye nyusi. Nilitaka kumbusu mbele ya watu.
Akasimama, akawaamkia mmoja mmoja, akianza na Mama Sekela. "Shikamoo, mama. Niliwatoa kwenye moto bila kuwaomba. Mnisamehe."
Aliitikia marahaba, basi. Wakanywa chai yao. Hakuna aliyeingia kwa Hezron kutwa nzima. Ningeweza kuwapiga makofi wote.

Ijumaa, 18 Julai
Mkaguzi alifika asubuhi. Ofisi ya Hezron haina moto. Mama Sekela alikuwa humo, blanketi mabegani, anatoboa kadi, akikosea anasonya. Hezron kasimama pembeni, anamwelekeza kwa sauti ya chini. Wengine wawili walikuwa wanangoja zamu.
Mkaguzi akamuuliza mama anaionaje mashine. Akajibu kwamba ni mbaya na ina kelele. "Lakini kijana mtuachie."
Mkaguzi amerudi Iringa peke yake.
Baadaye Mama Sekela alininyooshea kikombe cha chai. "Shika, Bibi Mashine." Nikakaa kwenye benchi lao, nikanywa.
Shati la Hezron la jana bado linanuka moshi. Sijalifua.