Taya Langu Limenisaliti Ramadhani
Mbeya, Mei 1954

Bushiri, ukimaliza kusoma karatasi hii ichome. Nimeumbuka!

Leo baba mkwe kanipeleka kwa daktari. Daktari akanibonyeza chini ya taya, mate yakamrukia kwenye miwani. Akafurahi! "Ugonjwa adimu huu! Tezi ya mate imevimba. Si saratani. Utanyonya limau na kukanda taya."

Nikasema alhamdulillahi. Si angeishia hapo?

"Huvimba mgonjwa akila tu," akaongeza. Akila tu, Bushiri! Saa nne asubuhi, Ramadhani, na taya langu kama andazi.

Baba mkwe akalitazama. Akalitazama tena. "Matano, umefunga?"

"Nimefunga, baba." Nikahisi likizidi kuvimba.

Yale maandazi ya asubuhi tuliyala wote wawili, nyuma ya duka lako. Mbona taya lako limenyamaza?