Mdomo Nilioufunika kwa Rangi Nyeupe

Lodwar, 2013

Mwalimu Wani,

Nimeishika kalamu hii tangu chai ya saa nne, na kila nikianza najikuta nakupa habari za mvua. Ndiyo, mvua ilinyesha, na mto Turkwel ulifurika hadi watu wakavua viatu kule darajani. Lakini sikuandikii kwa ajili ya mvua. Naandika kwa sababu nimekukosea vibaya, na wewe umelala Kakuma chini ya mchanga, na mazishi yako sikuja.

Wacha nianze na hilo la mazishi, ndilo jepesi. Dada yako Kiden alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka, akaniambia umetutoka na kwamba wanakuzika kesho yake. Nikamwambia nina homa, siwezi kusafiri. Sikuwa na homa, Mwalimu. Nilikuwa na bango la loji mpya kule karibu na uwanja wa ndege, na mwenyewe alitaka jina lake lionekane kabla wageni wake wa kampuni ya mafuta hawajafika. Saa ile wanakuteremsha kaburini mimi nilikuwa juu ya ngazi, nanyoosha herufi ya L. Nikamaliza, nikashuka, nikala samaki wa Kerio. Nakumbuka alikuwa mtamu. Hilo linaniuma kuliko ile homa ya uongo.

Mambo yamebadilika tangu uondoke. Uchaguzi umepita na sasa sisi ni kaunti, kwa hiyo kila ofisi inataka bango jipya, hata ile yenye meza moja na karani anayesinzia. Duka letu la mabati pale Kanamkemer limepata mlango wa chuma. Watu wananiita Msanii. Najua ungecheka mpaka ukohoe, halafu ungesema lile neno lako, kwa kile Kiswahili chenu cha kuvuka mpaka, ambamo mimi, wewe na yeye mara nyingi huwa "na" tu: "Nekesa, wewe nachora watu kama sabuni. Safi, safi, hakuna mtu ndani."

Nilikuwa nakasirika ukisema hivyo. Nilikuja hapa kutoka Bungoma kumfuata kaka yangu, karani wa serikali, nikiwa sijui hata kushika brashi, na ni wewe uliyenifundisha kazi. Asubuhi tuliandika mabango ya watu. Mchana, jua likishawafukuza wateja, uliigeukia kazi yako mwenyewe. Ulikwangua lami iliyomwagika kando ya barabara, ukaiyeyusha kwenye kopo la maziwa, ukaichanganya na makaa uliyoyasaga, ukaipaka kwenye plaiwudi kwa kisu. Kisha ukachukua kipande cha waya na kuanza kuikwaruza, na nyuso zikatoka humo. Jicho moja juu, jingine karibu na shavu. Mikono mikubwa kuliko kifua. Ng'ombe waliosimama kama wamesikia kitu.

Nilizichukia hizo picha. Naandika hivyo hivyo, maana sina sababu ya kukudanganya tena. Wateja waliingia, wakaziona, wakarudi mlangoni. Mama mmoja wa kanisani kwetu aliniuliza kama nimeziombea. Nikamjibu haraka, "Si zangu, ni za yule mzee, ana mambo yake." Ulikuwa nyuma ya pazia unaosha brashi. Maji yalinyamaza kidogo, kisha ukaendelea kuosha.

Ulinionyesha siku moja kipande cha gazeti la Khartoum, cha wakati ulipokuwa kijana chuoni, kimekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Kilikuwa kwa Kiarabu. Ukasema waliandika kwamba picha zako zinawanyima watu usingizi, na kwamba ulikuwa umefurahi. Mimi nikauliza kama walizinunua. Ukakikunja tena kile kipande, ukakirudisha mfukoni.

Baada ya mazishi Kiden alipiga tena. Alikuwa ameniamini ile homa, akaniuliza kama nimepata dawa. Kisha akasema, "Zile picha chukua wewe, ufanye unavyotaka. Moja tu nitunzie, ile ya mama yetu. Sisi hatuna foto yake hata moja." Nikasema sawa, Mama, nitaitunza.

Unaijua ile. Mwanamke kuanzia kifuani kwenda juu, shingo ndefu, mdomo wazi kupita kiasi, na nyuma yake weusi mtupu. Niliigeuza ikatazama ukuta. Nilijiambia ni kwa sababu ya vumbi.

Halafu kampeni zikaja. Kila mtu alitaka bango, wagombea, maduka, saluni, makanisa yaliyowakaribisha wagombea. Malori yenye plaiwudi yalikuwa yamekwama Kainuk yakisubiri askari wa kuyasindikiza kwa hofu ya majambazi, na siku zikapita. Nikatazama zile bodi zako kumi na moja. Plaiwudi nzuri, nene, ya kutoka Kitale. Nikachukua ya kwanza, ya ng'ombe, nikaipiga msasa, nikaipaka nyeupe. Niliipaka nikitazama mlangoni. Ya pili sikutazama tena. Kufikia ya nne nilikuwa napiga mluzi.

Ikabaki ile ya mama yako. Mzee Ekiru, yule mwenye bucha, akaja anataka bango lenye mbuzi mnono na maneno NYAMA SAFI. Nilijua naishika bodi gani, Mwalimu. Nisije nikakwambia nilisahau, au nilichanganya. Nilianzia mdomoni kwa sababu ndio ulionisumbua zaidi, nikaupiga msasa kwa nguvu, kisha nikauziba kwa brashi pana. Nikajiambia nitamchorea Kiden nyingine, nzuri zaidi, yenye mdomo uliofungwa kama wa mtu mwenye heshima zake.

Kiden akapiga kuuliza lini anaweza kutuma mtu aichukue. Nikamwambia mchwa wameila. Akasema, "Malesh, binti. Usilie, hakuna neno." Na mimi sikuwa ninalia. Ananipa pole mimi! Nilikata simu nikakaa kwenye kiti chako, nikainuka, nikaona siwezi kukaa hapo.

Ulinifundisha kuhusu lami. Ulisema, "Lami iko na kiburi. Nafunika leo, kesho narudi," na ukanionyesha ile vanishi ya kuizuia kwanza kabla ya rangi. Nilikuwa na haraka, sikuipaka. Na jua la Lodwar wewe unalijua.

Mzee Ekiru alikuja dukani amenuna, akanisalimu kwa Kiturkana nusunusu. "Nekesa, ejok? Hii bodi yako iko na mtu. Juzi alitoa macho. Leo anatoa shingo. Watoto wanatumwa nyama, wanakimbilia bucha ingine. Mimi nauza mbuzi, siuzi majini." Nilikwenda naye. Kweli, weusi ulikuwa umepanda kupitia rangi yangu nyeupe, na mbuzi wangu mnono alikuwa na jicho la mwanamke tumboni. Watu waliokuwa wakinywa supu walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nikambadilishia bango bila malipo, nikaibeba ile bodi hadi dukani, nikafunga mlango mchana kweupe. Nikaanza kuikwangua. Kisu kidogo, kitambaa, thina ya kulainisha rangi, kidogo kidogo. Siku tatu. Na hapo, kwa aibu kubwa, ndipo nilipoziona kazi zako kwa mara ya kwanza. Ili kuondoa rangi yangu bila kugusa yako ilinibidi nifuate kila mkwaruzo wa waya wako, niuulize unakwenda wapi. Hakuna hata mmoja uliokwenda ovyo. Lile jicho la chini, nililodhani ulikosea, liko chini kwa sababu kichwa kinageuka. Anageuka, Mwalimu! Shingo ni ndefu kwa sababu anajinyoosha kumwona mtu aliye mbali. Ule weusi wa nyuma una tabaka saba au nane, na ndani yake kuna miti. Nilikaa nao chumba kimoja miaka miwili nikauita uchafu.

Niliogopa mle ndani, peke yangu, saa nane mchana. Lakini haikuwa ile hofu ya mapepo ya mama wa kanisani. Niliogopa kwa sababu yule mwanamke alikuwa anahitaji kitu upesi na mimi nilikuwa na kisu cha kukwangulia tu.

Mdomo sikuupata. Pale nilipopiga msasa kwa nguvu zaidi, pale nilipoanzia, lami yako ilikuwa imetoka yote. Nilipofika hapo nilikuta mbao.

Juma lililopita niliifunga bodi kwa shuka nikaenda nayo Kakuma. Njiani askari wa kizuizi aliniuliza hii ni nini, nikasema ni mama wa mwalimu wangu. Akafunua, akafunika, akaniambia pita.

Kiden ana kihoteli chake cha chai ndani ya kambi ya wakimbizi, unakijua, sasa ameongeza benchi. Alinikumbatia kabla sijasema neno. Akauliza habari za ile homa. Nikaiegemeza bodi ukutani, nikatoa shuka, nikasema kabla ujasiri haujanitoroka, "Mama, hakukuwa na mchwa. Ni mimi. Niliipaka rangi nikaiuza kwa mtu wa bucha. Na homa sikuwa nayo."

Alikaa chini mbele ya bodi, akaitazama hadi vijana wawili waliokuwa wakinywa chai wakaacha pesa mezani wakaondoka. Bado NY ya NYAMA SAFI ilionekana kwenye bega. Akaweka kidole pale kwenye mbao tupu.

"Hapa ndio mdomo."

Nikasema ndiyo.

Akanieleza, bila kunitazama. Naandika alivyosema, maana wewe hukuwahi kuniambia na mimi sikuwahi kuuliza. "Siku ile ya kukimbia vita, mtumbwi ilikuwa imejaa. Mama alibaki ng'ambo ya mto. Alikuwa anaita Wani, Wani. Halafu akasema neno ingine, hatukusikia. Maji, risasi. Mimi nasema alisema rudini. Wani nasema alisema endeni. Miaka mingi tunagombana hiyo neno moja. Akichoka anakwenda kuchora. Hii alifanya mdomo iko katikati. Ukisimama hapa nasema rudi. Ukisimama pale nasema enda. Mimi nilitaka hii ikae hapa, niwe nasimama huku na huku."

Mwalimu, nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba umemchora mwanamke anayepiga mayowe. Nilifanya utani juu ya meno yake. Wewe ulikuwa unatafuta neno la mwisho la mama yako kwa waya na lami, umesimama hatua tatu kutoka kwangu, na mimi nilikuuliza kama tutapata nafasi ya kuchora mlango wa kinyozi kabla ya jioni.

Kiden akaniuliza, "Unaweza kurudisha?"

Nilimtazama. Alitaka niseme ndiyo. Hata mimi nilitaka, kwa sababu kuchora mdomo najua, ningeuchora pale pale, na angeupokea, na labda tungelia na mambo yangeisha. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Naweza kuweka mdomo, lakini utakuwa wangu. Yeye hayupo tena hapo, nimemwondoa." Sijawahi kusema sentensi nzito kuliko hiyo. Machozi yalinitoka sasa, na safari hii hakuniambia malesh.

Akainuka, akamimina chai, akaiweka mbele yangu. Sikuigusa. "Mimi nakasirika wewe," akasema, "na kesho nitakasirika. Lakini chai haina makosa. Kunywa." Nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na alinitazama mpaka kikombe kikaisha.

Nilipita kaburini kwako. Nilisimama tu, sikujua niseme nini mbele ya watu, ndiyo maana naandika.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa mahali pako nisingemsamehe Nekesa upesi. Lakini sikia ninachokuahidi, nikiwa na akili zangu timamu. Picha zako nyingine kumi bado ziko hapa Lodwar chini ya herufi zangu, kwenye duka la dawa, kwenye saluni, nje ya kanisa, nyingine sijui. Nitapita kwa wenyewe mmoja mmoja niwaambie ni nini kiko chini. Wakikubali kubadilishana nitawapa bango jipya, na nitazikwangua taratibu. Wakikataa, jua litafanya kazi yake, na lami ikianza kupanda sitaifunika tena hata wakinililia. Watu wakiniuliza ni nani aliyechora vitu vya kutisha namna hii, nitalitaja jina lako lote. Kisha nitawaambia ni nani aliyezipaka rangi.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Nakuaga kwa kuchelewa, lakini nakuaga kweli.

Kiden amesema nirudi mwisho wa mwezi. Hakusema amenisamehe. Alisema ukuta wake ni wa matope, picha ni nzito, nije na mbao na misumari mirefu tuitundike.

Mwanafunzi wako,
Nekesa