Mtu wa Nairobi

Jumamosi, 5 Februari 1977

Redio imeimba kutwa, chama kipya kimezaliwa. Na jana mpaka wa Kenya umefungwa. Mambo mawili kwa mpigo — watu wamekunywa kwa yote mawili, wengine bila kujua wanakunywea lipi.

Meneja Mkuu kafika mchana na Landrova ya shirika, nyuma ndoo za rangi. Bwana Salimu Mtoro huyo. Baa zetu zote tatu ziandikwe ukutani: TUNAJITOSHA. Hii ya kwangu hapa Bariadi, ya Lamadi, ya Lagangabilili. Jina moja, Jitegemee, viti vya kijani, kaunta ya kijani, bei ile ile. Anasema mlevi akizinduka Lamadi adhani yuko Bariadi. Mwenyewe bia haijui hata harufu. Chai ya rangi tu, sukari vijiko vinne.

Kahutubia akiwa juu ya kreti. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekufa, tusiilie. Miaka yote hii Kenya anauza, sisi tunanunua, hiyo ni ndoa? Mwanamke akichoka si anarudi kwao? Watu wakapiga meza. Mimi nikapiga kuliko wote — na mimi ndiye niliyerudi kwetu!

Halafu ndipo akasema la maana. Baa itakayoshinda kwa siasa mpaka Saba Saba itapewa friji mpya ya mafuta ya taa. Friji! Hapa tunauza bia ya moto kama uji.

Nimemkumbuka kaka Januarius, karani wa reli huko Nairobi. Atakuwaje sasa? Lakini wateja wakaita.

Jumapili, 13 Februari

Baada ya misa nimekwenda kwa Jilala, yule manju, mtunzi wa nyimbo za ngoma. Wapinzani wake wa ngoma wanamwogopa, akikutungia wimbo unahama kijiji. Nikamwambia nataka wimbo wa kuwacheka watu wa Nairobi, uimbwe baa.

Akasema hawezi kumtukana mtu asiyemjua. Mtu wa Nairobi yukoje? Anatembeaje, anakulaje? Wimbo bila mtu ni kelele.

Nikampa mtu.

Nikamwambia juu ya mmoja aliyekuja likizo akaenda kukamua ng'ombe na tai shingoni. Jilala akatabasamu. Nikaongeza: kila usiku anaosha miguu kwa sabuni ya manukato ndipo alale. Akacheka. Kumchekesha Jilala si mchezo, nikanogewa. Nikaona nimpe na la tatu. Baba yake alipokufa hakuja kuzika. Alituma telegramu! POLENI SANA TUKO PAMOJA.

Jilala akajipiga paja. Akasema hilo ndilo, hayo mengine ni chumvi tu.

Hakuuliza ni nani. Yeye si mjinga.

Ambalo sikumwambia naliandika hapa, maana kwingine sitalisema. Nilipomkimbia mume wangu alidai ng'ombe zake za mahari. Baba alikuwa keshazitumia. Januarius ndiye aliyetuma fedha kutoka Nairobi, ng'ombe zikanunuliwa mnadani, zikarudishwa, nikawa mtu huru. Mwezi ule ule baba akafa. Kaka hakuwa na nauli. Nauli yake ilikuwa inakula majani kwa mume wangu.

Nilijua. Nimekaa pale kwa Jilala najua kila kitu. Sikusema kwa sababu lisingechekesha.

Jumamosi, 19 Februari

Wimbo umeimbwa. Baa imejaa mpaka uani. Kwa Kisukuma unakata zaidi, lakini ni hivi:

Mtu wa Nairobi, fungua tai,
ndama anadhani ni kamba yake.
Mtu wa Nairobi, nawa miguu,
unakwenda kulala au kuolewa?
Mtu wa Nairobi, baba kafa —
telegramu ndiyo imeshika jembe!

Watu wamelia kwa kucheka. Wamerudia mara hazihesabiki. Bia zikaisha saa mbili usiku.

Fatu, mhudumu wangu, kanivuta kando. Dada, yule wa tai si kaka yako? Nikamwambia aoshe glasi.

Jumatano, 16 Machi

Bwana Mtoro kaupenda wimbo. Ameagiza ufundishwe na kule Lamadi na Lagangabilili. Kila kitu lazima kifanane! Nilitaka uwe wa baa yangu. Sasa madereva wanao, wauza samaki wanao, watoto wanauimba wakienda kisimani.

Sabuni hakuna madukani. Siagi ya kopo imekuwa hadithi. Bia inakuja siku ikijisikia. Jana tumeuza wanzuki, pombe ya asali ya mzee mmoja jirani, kwa siri, chini ya maandishi TUNAJITOSHA. Nimecheka peke yangu.

Barua kwa kaka haiendi. Mayu, mama yetu, kaniletea salamu kutoka Lagangabilili: umesikia lolote la mwenzako? Nimemjibu mzima, Mungu yupo. Sijui lolote.

Jumanne, 7 Juni

Kaka amerudi!

Kashuka kwenye lori la dagaa, sanduku moja. Kakonda. Kanuka samaki mpaka kwenye nywele. Niliruka kaunta, kweli, niliruka. Ng'wadila, Eufrasia, kanisalimu, na mimi nikamnyang'anya sanduku.

Watanzania wote wamefukuzwa ofisini, kila mtu arudi kwao. Mafao watapewa, lini hawajui. Mkewe na watoto kawaacha kwa wakwe zake Musoma mpaka apate kazi na chumba. Mkwe kamwambia waziwazi hawezi kulisha midomo minne mpaka mavuno mengine. Kaka alisimulia hilo akitazama chini.

Kisha akacheka kidogo. Akasema pale Lamadi alipokuwa anasubiri lori aliingia kwenye baa yetu akanywa maji, wakaimba wimbo wa mtu wa Nairobi. Eti anakamua na tai! Akasema kuna wengi wa namna hiyo, hata yeye aliwahi, mnakumbuka? Mwisho hakuusikia, lori lilipiga honi.

Akauliza nani katunga. Nikasema sijui.

Jumatatu, 20 Juni

Kaka ametembea ofisi zote. Pamba, ushirika, shule, bomani. Wanamwita ndugu, wanampa kiti, wanamwambia aje wiki ijayo. Usiku nasikia anageuka kitandani. Nimempa kitanda changu, mimi nalala na Fatu.

Leo Bwana Mtoro kapita. Anatafuta mtunza ghala wa baa zote tatu, mtu anayejua kuandika. Nikamsifu kaka mpaka mate yakakauka. Akamtazama. Akatazama viatu vyake, suruali ya kupigwa pasi. Akasema vizuri, Saba Saba wageni wa mkoa watakuwepo. Ngoma ya Jilala itacheza uwanjani, na kila ngoma ina kinyago, nyoka, au mdoli wa kuwashangaza watu. Sisi tutakuwa na mtu wa Nairobi mwenyewe! Mtu halisi na tai halisi! Acheze, watu waone aliyetoka huko amejirudi. Jumatatu yake aanze kazi.

Kaka akacheka, akauliza kucheza tu? Atacheza. Angecheza hata uchi, kasema, mkewe asile matusi Musoma.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Meneja ananitazama, kaka ananitazama, na mimi nikasema kaka tangu utoto anajua kucheza.

Jumamosi, 25 Juni

Mazoezi, uani kwa baa.

Kaka alicheza vizuri, sikutegemea. Alizunguka na tai mkononi kama anamvuta ndama, watoto wakagaagaa chini. Miguu aliiosha kwenye beseni akijinusa vidole. Jilala mwenyewe alishindwa kuimba kwa kucheka. Nikaanza kupumua. Nikasema kumbe ni utani tu, sisi si watu wa utani?

Kisha Jilala akampa karatasi. Hii ni telegramu, kamwambia. Utaisoma, utajipaka mate machoni kama unalia, halafu utaifukia ardhini kama unazika.

Kaka akaomba arudie maneno. Jilala akarudia. Baba kafa, telegramu ndiyo imeshika jembe.

Ngoma zikanyamaza, zenyewe. Kaka hakumtazama Jilala. Alinitazama mimi. Nilikuwa mlangoni na kreti tupu mikononi, nikajifanya natafuta pa kuiweka, na ua mzima ulikuwa wazi.

Akasema, haya, tuendelee. Akajipaka mate. Akaizika karatasi.

Usiku kala mlenda, kasifu mlenda. Kaniuliza kama kisima kina maji. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 26 Juni

Nimemwandalia maji ya kuoga, kashukuru.

Jioni kasema jambo moja. Mayu asije Saba Saba. Nikasema hatakuja, nitahakikisha. Nimesema haraka sana, kama mtu aliyeombwa kidogo ilhali anadaiwa kikubwa.

Nilitaka kusema nisamehe. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Aibu inanila, na bado najionea huruma mimi badala ya yeye! Mtu wa namna gani?

Jumatano, 6 Julai

Nilituma ujumbe kwa Mayu: kuna homa mjini, usije.

Bwana Mtoro kanizidi. Bila kuniambia kapeleka Landrova Lagangabilili kuchukua wazee waheshimiwa, na mama wa mtu wa Nairobi akiwa mbele, kwenye kiti cha pembeni mwa dereva. Mayu kateremka saa kumi jioni, kavaa khanga mpya. Ng'wadila Mayu, nikamsalimu. Ng'wadila, kasema, homa iko wapi?

Kafurahi. Kamshika kaka uso mzima kama anapima joto. Kasema ameambiwa mwanawe atacheza mbele ya wakubwa, na babake angekuwepo angecheza mpaka avunjike mguu.

Nimekwenda kumtafuta Jilala afute ule mstari. Nimembembeleza. Kasema, Eufrasia, wimbo umeshatoka. Watu wenyewe wataumalizia hata nikinyamaza. Na kweli, wakati tunaongea kuna mtu alikuwa anapita na baiskeli anauimba.

Alhamisi, 7 Julai

Naandikia ghalani, nimekaa juu ya kreti. Nje uwanja umejaa. Lamadi wamekuja na ngoma yao, hovyo. Friji iko juu ya jukwaa, imefungwa utepe.

Asubuhi wahudumu walikuwa wanapika huku wanaimba, Mayu amekaa nao anachambua mchele. Waliimba mpaka mwisho. Nikasikia ungo umewekwa chini.

Akaingia humu. Kaka alikuwa anavaa, mimi nashikilia koti. Mayu kauliza taratibu kabisa, kwa Kisukuma, nani kawapa watu kifo cha mume wangu wakichezee?

Kaka akasema, ni mimi, Mayu.

Wewe?

Mimi. Nilitaka watu wacheke. Nilitaka kazi.

Hata la baba yako?

Hata la baba.

Hakunitazama. Alikuwa anafunga tai. Mayu akasema alimtetea miaka yote. Kila mtu pale kijijini aliposema mwanao hakuzika, yeye alisema ana sababu, siku moja atasema. Sasa amesema. Kaka akainama, akapita mlangoni, akaenda uwanjani.

Mara ya pili ananilipia, na safari hii si ng'ombe.

Mayu kabaki. Kaketi kwenye gunia, kanipa mgongo. Baadaye kasema bila kugeuka: nenda ukamtoe. Wewe anakusikia. Bado hajafika pale pa telegramu, nenda ukamtoe.

Nikimtoa, Bwana Mtoro atamnyima kazi, na Musoma watoto watasimangwa kwa kila tonge. Ndiyo sababu nimekaa. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Nyingine naijua: nikimtoa nitaulizwa kwa nini, na mama yangu yuko hapa, hatua chache tu.

Naandika ili mkono ufanye kitu.

Ngoma zimeanza. Sauti ya Jilala. Watu wanacheka, basi ni tai. Wanacheka sana, wanapiga vigelegele. Bwana Mtoro anapaza sauti kwenye kipaza sauti: mnamwona! Mnamwona!

Sasa ni miguu. Linalofuata ni la baba.

Mayu kasimama. Anafunga khanga yake vizuri, anatafuta ndala. Hajaniuliza tena. Anakwenda mwenyewe. Kanipita, kafungua mlango, kelele zote zimeingia.

Mimi bado nimekaa.