Doti ya Kanga kwa Mshauri Wako

Mke mwenzangu Zuhura,

Salamu zako za Arusha zimefika. Sie huku Temeke hatujambo, isipokuwa babu yako anabishana na redio kutwa nzima.

Unaniuliza kama ni aibu kumlipa mshauri, mtu baki, akusikilize ya moyoni. Aibu ya nini?

Enzi za Ujamaa nilimzika mwanangu wa kwanza. Nyumba nzima ikanihimiza nikaze moyo, nami nikaukaza mpaka sauti ikanikauka. Ndipo nikabeba doti ya kanga, nikaenda Chamazi kwa somo wangu, yule aliyenifunda unyagoni. Hakuwa ndugu, na ndiyo maana nilimwendea. Alipokea kanga, akafunga mlango, akasema, "Haya mwanangu, nakusikiliza." Hakunipa ushauri hata kidogo. Nililia, nikamtaja mwanangu kwa jina lake. Nikawa naenda tena na tena.

Basi siku moja, kwenye foleni ya sukari, jirani alinitania. Nikaangua kicheko mpaka foleni nzima ikageuka. Nilikuwa nimerudi, mzima mzima!

Nenda, mke mwenzangu. Doti niliyoifunga pamoja na barua hii si yako. Mpe mshauri wako, umwambie imetoka kwa mwanamke aliyesema akapona.

Bibi yako,
Mwanahawa