Pigano la Saba na Habari za Papa Mbuyu

Kalemie, tarehe 19 Novemba 2017

Mpendwa kaka yangu Twahiri,

Assalam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua ulichokilalamikia mwezi wa tisa kimetulia kabla baridi ya Liège haijashika kabisa. Shemeji Yasmine hajambo? Watoto wamezoea shule mpya? Sisi tuko salama. Mama Adija anaumwa magoti kama unavyojua, lakini sokoni bado anakwenda mwenyewe, na ile fimbo uliyomtumia ameifanya ya kufukuzia mbuzi wa jirani. Mimi sijambo. Kazi ya kuchapa barua za watu imepungua, lakini mlango wa biro, ofisi yangu ndogo, naufungua kila asubuhi.

Barua hii anakubebea Angélique, jirani yetu, anayepitia Kigoma kuja huko. Kwa simu nisingeweza, mtandao unakatika kila dakika na Mama anakaa karibu kusikiliza. Nina habari za Papa Mbuyu. Nakuomba usiruke mistari kuitafuta. Isome jinsi mambo yalivyofuatana, maana bila hivyo utamhukumu mtu vibaya.

Unakumbuka tulichokuambia mwezi wa saba. Bertille, mke wa Valère, kaka yetu wa ukoo na mwana wa Papa Mbuyu, alifika hapa kwa miguu kutoka upande wa Nyunzu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, kijiji chao kimechomwa. Valère alikuwa kazini kwenye stesheni ya umeme ya Bendera. Bertille alisema kwamba yeye na baba mkwe wake walipotezana katika msongamano wa watu, karibu na kuingia mjini. Basi Valère akaanza kumtafuta baba yake huku huku. Amezunguka kambi zote za watu waliokimbia, pembeni yote ya mji, na picha ya mzee mkononi, kila siku ya mapumziko, miezi mitatu. Wewe mwenyewe mwezi uliopita uliandika "marehemu Papa Mbuyu", na hakuna hapa aliyekusahihisha.

Sasa nije kwenye jambo litakalokushangaza. Mwezi uliopita, nilipokuwa nawapangia upya Bertille na watoto chumba cha Baba, nilifungua kabati lake la chini, na ndani ya bahasha ya risiti za zamani nikakuta ile CD yetu. Ule mchezo tuliouita Majivu. CD imechubuka ukingoni, lakini maandishi yako ya kalamu nyekundu bado yapo: "Usiguse, ya Twahiri."

Nilikaa chini sakafuni nikiishika. Niliona tena biro ya Baba wakati wa ile vita nyingine, mwaka 2001, wanajeshi barabarani, shule zimefungwa, na sisi wawili mbele ya ile kompyuta kubwa nyeupe, tukingoja umeme. Michezo mingine yote ilikuacha ujenge nyumba, uchimbe dhahabu, uzalishe askari wapya. Majivu haikukupa kitu. Ulianza na watu wako wachache, wapiga mishale, wale majitu wanaobeba milango kama ngao, na mganga mmoja mwenye vibuyu vitatu vya dawa. Aliyekufa amekufa. Ukienda kwenye pigano linalofuata unakwenda na waliobaki, kila mmoja na jina lake. Na wakati haukusimama kukungojea ufikiri. Ulilia siku yule mganga alipokufa, ukamwambia Baba ni moshi wa jiko.

Hatukuwahi kupita pigano la saba, lile la kuwavusha wanakijiji kumi na tisa hadi kivukoni huku jeshi la majivu likiwafuata. Halafu siku moja umeme ulirudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua, ikawa mwisho.

Nikaamua nilimalize. Sina sababu ya maana ya kukuambia. Mji umejaa watu waliopoteza kila kitu, kazi hakuna, na nilitaka kuwe na jambo moja nililolianza nikalifikisha. Laptopu yangu haina hata mahali pa kuingizia CD, ikabidi niazime kisomeo kwa bwana mmoja anayepiga video za harusi. Nikaingiza. Kompyuta ikasema programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Nikaiambia ijifanye ya mwaka 1998, ikakubali, lakini mbingu ilikuwa ya zambarau na nyuso za watu kijani. Nikarekebisha rangi, askari wakaanza kukimbia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, kwa sababu mashine za leo zina haraka ambayo mchezo ule haukuijua. Nilitembelea sibera, pale penye mtandao wa kulipia, siku tano kusoma. Kumbe duniani kuna watu wazima, wengine wana wajukuu, ambao bado wanaupenda mchezo huu na wamekaa miaka wakiandika viraka vya kuufanya uishi kwenye kompyuta mpya. Kiraka chenyewe ni kidogo, lakini kwa mtandao wetu kilichukua siku tatu kushuka, na mara mbili kilikatika karibu na mwisho. Mara ya tatu kikaingia chote. Nilipoona theluji ya mle mchezoni ikianguka kwa mwendo wake wa kweli, na mganga akigeuka kunitazama, nilicheka peke yangu.

Mama hakucheka. Alisimama mlangoni, akaangalia wapiga mishale wangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wanafika mjini hapa na vidonda vya mishale ya kweli, na mimi nakaa kucheza mishale. Nilifunga laptopu na sikuigusa siku nne.

Aliyeifungua tena ni Bertille. Ilikuwa Jumapili mchana, ametoka kanisani, watoto wanacheza nyuma ya nyumba. Tangu afike alikuwa mtu wa kufua, kupika na kunyamaza. Aliniuliza kama wale watu wa kwenye mashine walifika. Nikamwambia bado. Akavuta kiti.

Nilimuonyesha. Wanakijiji wanatembea kila mmoja kwa mwendo wake, wazee wanachoka na kukaa chini, na askari wangu hawatoshi kuzunguka wote. Nilicheza mbele yake, nikapoteza saba. Nikaanza upya, nikapoteza tisa. Yeye aliangalia, mikono juu ya mapaja, kisha akauliza: "Wazee unawatia wapi?"

Nikasema nawatia nyuma, ili wasiwacheleweshe wengine.

"Njo maana wanakufa," akasema. "Muntu wa nyuma hakuna mwenye kumuona. Wazee watangulie, wote tutembee na mwendo wao. Hapo hakuna atakayeachwa."

Miaka kumi na sita, Twahiri, mimi na wewe hatukufikiria hilo. Nikawatanguliza wazee, wabeba milango wakafunga nyuma, wapiga mishale pembeni. Mwendo ulikuwa wa kuchosha roho, lakini wanakijiji walikwenda pamoja. Nikampa Bertille mausi. Walikuwa wamebakiza kilima kimoja kufika mtoni mzee mmoja alipokaa chini katikati ya njia. Bertille akamtuma mbeba mlango mmoja kumlinda. Majivu yakawafikia. Alimtuma wa pili, akabonyeza na kubonyeza, lakini wote watatu wakaanguka, na miili yao ikabaki pale, maana mchezo ule hauiondoi.

Bertille alitoa mkono kwenye mausi. Hakunitazama. Akasema: "Papa Mbuyu hakupotea. Nilimuacha."

Kisha alinieleza yote bila kulia. Siku ya pili ya safari mguu wa mzee ulikuwa umevimba, hakuweza tena kuukanyagia. Nyuma yao walisikia kelele na kuona moshi. Mzee alikaa kando ya njia, karibu na tanuru la matofali lililobomoka, pale njia ya mtoni inapoachana na ya Nyunzu. Akamwambia awapeleke watoto. Bertille alimuachia kidumu cha maji na kitenge kimoja, akaondoka. Alipofika kwetu, mtu wa kwanza kumuuliza alikuwa Valère kwa simu, na neno lililomtoka ni kwamba walipotezana karibu na mji. Kesho yake Valère alikuwa ameshaanza kutafuta, na kila siku iliyopita ilifanya ule uongo uwe mgumu zaidi kuuvunja.

Nilimwambia jambo moja tu, kwamba Valère anatafuta mahali pasipo mzee. Alijibu kwamba analijua hilo kila anapoamka.

Jumamosi iliyofuata Valère alikuja kutoka Bendera. Bertille hakuniacha niseme kwa niaba yake. Alimkalisha sebuleni, Mama akiwepo, akamweleza kama alivyonieleza mimi. Mama aliweka mkono mdomoni. Valère akauliza mahali penyewe ni wapi. Bertille alichukua karatasi kwenye meza yangu akachora njia, tanuru, na pale njia zinapoachana. Valère aliikunja karatasi ile, akaitia mfukoni mwa shati, akaenda kulala kwa rafiki yake. Hakumtukana mkewe, na hakumuaga pia.

Aliomba ruhusa kazini, akapata nafasi kwenye lori za msaada zinazokwenda Nyunzu. Siku tisa hatukusikia kitu. Bertille alishinda akifanya kazi za nyumba, na umeme ukiwepo mchana alikaa kwenye pigano la saba. Siku ya sita alifika kivukoni na watu kumi na saba, na mashine ikapiga tarumbeta ikaandika kwamba tumeshinda. Mimi niliruka, nikataka kumuita Mama. Bertille aliangalia wale wawili waliolala kilimani, akarudi mwanzo wa pigano. Nikamwambia kumi na saba wanatosha, mchezo wenyewe umesema. Akasema mchezo haujui.

Siku ya tisa Valère alipiga simu. Kaka, Papa Mbuyu yu hai. Usimtaje tena kama marehemu.

Mjane mmoja Mutwa, wa kabila lile linalopigana na letu, jina lake Emilie, alimkuta pale kwenye tanuru jioni ileile. Alikuwa mwenyewe anawakimbia watu wa upande wetu, maana nyumba yake nayo ilichomwa. Akamficha katika kibanda chake cha shambani majuma mawili, akimlisha viazi, na njia ilipotulia akawaomba jamaa zake wambebe hadi kwenye dispansari moja ya Nyunzu. Mguu wamelazimika kuukata chini ya goti. Amekonda, ana hasira na kila mtu, anataka tumbaku. Jambo la kwanza alilomuuliza Valère ni kama watoto walifika.

Madaktari wamesema hawezi kupanda lori mpaka kidonda kifunge, labda mwezi wa kwanza. Valère amebaki naye. Bertille anaondoka Jumatano, njia hata ikiwa mbaya, na watoto watakaa na mimi. Nimempangia dawa, chumvi, na kitenge kizuri cha kumpa yule mama Emilie.

Bertille ndiye aliyeniruhusu nikuandikie kila kitu. Ukipiga simu, usianze na lawama. Msalimie yeye kwanza.

Salamu nyingi kwa Yasmine na wanao, na kwa mzee Jumaa ukionana naye msikitini. Mama anakuombea, anasema uvae kofia. Mungu akufungulie kila mlango wa heri huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa na afya yako yote.

Jana Mama alijaribu kumzuia Bertille. Alimwambia mzee amekatwa mguu, ana uchungu, huenda hataki kumuona, aache Valère alainishe mambo kwanza. Bertille alikuwa anakunja nguo za safari, na hakuacha kukunja. "Nitamuambia ule uongo mimi mwenyewe, Mama," akasema. "Akinifukuza nitalala inje. Asubuhi nitaingia nimuambie tena."

Mimi dada yako akupendaye,
Maimouna