Kampuni Iandikwe kwa Jina Lako

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalam alaykum kutoka Nyakabiga. Sisi wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kama uandikishe kampuni yako ya kushona kwa jina la kaka yako, maana watu wamekuambia mambo yataenda haraka. Sikukasirikii wewe, nawakasirikia waliokuambia hivyo.

Ujanani nilipika sabuni ya mawese pale mtaa wa Jabe, mpaka wenye maduka wakataka kununua kwa kampuni iliyoandikishwa tu. Nikaenda ofisi ya kuandikisha kampuni na babu yako. Karani hakunitazama. Akamwuliza babu yako, "Mukubwa wa kampuni ni wewe?"

"Apana, ni huyu. Mi sabuni yake najua kuiogea tu."

"Tuandike wewe, bwana. Mwanamuke atasumbuka."

"Andika jina langu," nikamwambia, "ama nikae hapa mpaka mufunge mulango."

Babu yako akavuta kiti, akakaa kando yangu. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Mwishowe karani akaniuliza jina. Akalikosea, nikamrudishia karatasi alisahihishe.

Sabuni ile ilimsomesha baba yako. Na leo bado wanakuambia maneno yale yale! Nenda mwenyewe, mwanangu, na ulitaje jina lako kwa sauti.

Bibi yako,
Mwajuma