Kiti cha Katikati

Shoga, ile pikapu mpya sijainunua. Bado niko nje ya duka la magari.

Unanijua. Nilienda na futi kamba. Bodi ya nyuma ya kubebea mizigo ya toleo hili ni fupi kuliko ya gari la baba, na vitufe vyote vimegeuka kioo cha kugusa. Hayo nilijiandaa kubishana nayo.

Nikakaa kwenye usukani, mama akapanda upande wa pili. Akajisogeza katikati kama alivyozoea, ili baba akae mlangoni. Nyonga ikagonga. Hakuna kiti katikati! Wameweka sanduku la plastiki.

Muuzaji akacheka: "Mama, hapo ni pa vikombe."

Pa vikombe, shoga.

Mama akamuuliza kwa upole kabisa: "Na baba yao atakaa wapi?"

Baba tuliyemzika mwezi uliopita.

Kisha akajishika mdomo. "Jamani. Nimesahau."

Nilimwambia muuzaji sinunui kwa sababu bodi ni fupi. Na kweli ni fupi, nimeipima.

Sasa tumo ndani ya gari la baba. Mama amekaa palepale katikati, na mlangoni hakuna mtu.